Ile Excel yangu ya Tunduma

Kimya kimekuwa kirefu, mniwie radhi, testi zilinibana halafu laptopu ikagoma kuwaka siku nne.

Wiki hii wadogo zetu wa mwaka wa pili wanajiandaa kwenda TP, na kila anayenikuta kwenye foleni ya chakula ananiomba kitu kimoja: "Mkuu, nirushie ile Excel yako ya matokeo." Nitawarushia, msijali. Ila kwanza nisimulie kilichonikuta nayo, maana niliwahi kuisimulia nusu nusu tu, ile nusu yenye sifa.

TP yangu ilikuwa 2023, na niliomba nyumbani, Tunduma, ili nile ugali wa mama na nisilipe kodi ya chumba. Kwa msiopajua: mkoa ni Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yako Vwawa, lakini pilika zote ziko kwetu mpakani. Malori yamepanga foleni barabarani, madereva wanapika kando ya matairi, na ukivuka kidogo tu uko Nakonde, Zambia. Ukifungua daftari la mahudhurio la shule yoyote ya pale utakuta wavulana kibao wanaanza na Si- na wasichana wanaanza na Na-. Kaka ni Sikazwe, dada ni Nakazwe, baba mmoja mama mmoja. Ndivyo Wanyamwanga wanavyoitana. Mgeni akipanga majina kwa alfabeti anadhani ni koo mbili.

Shule niliyopangiwa siitaji. Kidato cha tatu walikuwa 94, masomo tisa. Mtihani wa katikati ya muhula ulipoisha mwezi wa nane nikaona walimu wanaandaa mkeka kwa mkono: manila, rula, kikokotoo. Piga hesabu mwenyewe, 94 mara tisa ni gredi 846, kila moja mtu anatazama alama na kuandika herufi. Halafu pointi. Halafu wastani. Halafu nafasi. Siku tatu, na bado mzazi mmoja lazima aje na ripoti iliyokosewa.

Mimi nikatoa laptopu. Nikaandika hii:

=IF(B2>=75,"A",IF(B2>=65,"B",IF(B2>=45,"C",IF(B2>=30,"D","F"))))

Nikaiburuta kulia na chini, skrini yote ikajaa herufi kwa mpigo. Kwenye kurasa ya pili A ikawa pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, ikachagua masomo saba bora na kujumlisha: 7 hadi 17 divisheni wani, 18 hadi 21 tuu, na kuendelea hadi ziro ya 34 na 35. Mwalimu wa taaluma, mzee wa watu, alisimama nyuma yangu kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo sisi tumeteseka miaka yote hii?" Nilivimba kichwa, siwafichi. Siku ile nililetewa soda na ofisi nzima.

Ripoti za wazazi nazo nikazibana ziingie nne kwenye karatasi moja, maana wino wa printa ni ghali. Ili zitoshe nikaondoa safu za alama, nikabakiza gredi, wastani, divisheni na nafasi. Kumbukeni hapo.

Siku ya kikao nilikaa mezani nikigawa ripoti. Akaja mama mmoja anayeuza mihogo ya kuchoma kwenye foleni ya malori, nilikuwa namwona njiani kila asubuhi. Alikuwa na jambo, unaona tu. Akainama, akaongea kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, shikamoo ya kazi. Mimi sikuja kwa ripoti. Nimekuja kwa sababu ya huyu mtoto. Nikifua suruali yake nakuta kwacha mfukoni."

Kabla hajamaliza nikawa nimeshampa karatasi. "Mama, hongera! Divisheni wani, pointi saba. Nafasi ya sita."

Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Akaniuliza hii A ni ya kweli, nikamwambia mama hii ni kompyuta, haina upendeleo. Ilitoka hivyohivyo mdomoni. Mama wa watu akaikunja ripoti mara mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga kama anafunga hela, akasema, "Basi nimemdhania mwanangu vibaya," akaondoka. La kwacha hatukuligusa tena.

Usiku nikajirusha kitandani, lakini lile neno saba likawa linanirudia. Pointi saba maana yake A saba. Na wastani wake nilikumbuka ulikuwa 59 na nusu. Sasa mtoto mwenye A saba anapataje wastani wa hamsini na kitu? Nikaamka, nikafungua laptopu.

Kiswahili 61. Uraia 58. Masomo saba yaliyobaki: ABS.

Yaani hakufanya. Alikuja siku ya kwanza, akafanya mitihani miwili, akapotea. Na walimu wa masomo waliandika ABS kama inavyotakiwa, kosa si lao. Kosa ni langu: nilikuwa sijui kwamba Excel ikilinganisha maneno na namba, neno siku zote ni kubwa kuliko namba. Ukiiuliza kama ABS ni kubwa kuliko 75, inakujibu ndiyo, mpe A. Na ule wastani wenyewe unaruka maneno, unahesabu namba tu, kwa hiyo uligawa yale masomo mawili kwa mawili. Hakuna chochote kilichopiga kelele. Walikuwa wanafunzi watano wa namna hiyo, ila wanne walikosa somo moja moja. Huyu wa saba ndiye aliyepanda hadi sita bora.

Kulipokucha nikamwambia mwalimu wa taaluma. Hakunigombeza. Alivuta daftari lake la zamani, akaniambia zamani mtu akifika kwenye ABS kalamu inasimama yenyewe, unauliza huyu yuko wapi. Halafu akasema, "Nenda mwenyewe." Nilidhani tungeenda wote.

Mama nilimkuta anapuliza mkaa. Nikamwamkia, nikaeleza, nikajikanyaga na habari za fomula ambazo hazimhusu. Akanyoosha mkono nikanyamaza.

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea, mama."

"Na jana umenipeleka nyumbani nikamwomba radhi. Nimempikia kuku, mwalimu."

Sikuwa na la kusema. Lori likasogea, akasogeza jiko lake.

Dogo mwenyewe alikuwa anatoka nyumbani na sare, anaibadilisha kwa rafiki, anasukuma toroli la mizigo kwenda Nakonde na kurudi, analipwa kwacha. Alivyopikiwa kuku alijua kuna kitu si sawa lakini, kama mngekuwa ninyi, mngesema? Jumatatu mama alimleta kwa mkono hadi ofisini, akafanya mitihani saba peke yake maktaba, mimi nikisimamia. Akapata divisheni foo, ya haki. Kila alipomaliza karatasi alinikabidhi bila kunitazama.

Sasa ile mnayoitaka. Fomula iwe hivi:

=IF(ISNUMBER(B2),IF(B2>=75,"A",IF(B2>=65,"B",IF(B2>=45,"C",IF(B2>=30,"D","F")))),"ABS")

Na ongezeni safu moja mwishoni inayohesabu ABS za kila mtoto, =COUNTIF(B2:J2,"ABS"), halafu ipakeni rangi nyekundu. Na ripoti za wazazi ziacheni na alama, hata kama wino utaisha.

Nakimbia, nina kipindi saa nne na Venue iko mbali. Anayetaka faili aje na flashi yake, isiwe na virusi.