Ndege inaonekana Uvira, kibali kiko mbali

Jioni, mama mmoja wa mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, huketi pembeni ya Ziwa Tanganyika akitazama ndege zikishuka ng'ambo, Bujumbura.

Kaka yake alipofariki Kinshasa, barabara ya kwenda Bukavu ilikuwa haipitiki. Mama alivuka mpaka wa Kavimvira, akapanda ndege Bujumbura, akabadilisha nyingine Addis Ababa. Mkongomani alitoka nchini mwake ili afike mji mkuu wake. Alikuta maziko yamekwisha.

Tangu siku hiyo anauliza: mbona pale Bujumbura hakukuwa na ndege ya Kongo ya kumpeleka moja kwa moja?

Jibu linaanzia kwenye Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Ndege ya safari za ratiba haiingii nchi nyingine bila ruhusa ya nchi hiyo. Kampuni inahitaji serikali yake iiteue, kisha serikali ya upande wa pili iikubali. Mwaka 1999, huko Yamoussoukro, mataifa ya Afrika yalikubaliana kufunguliana anga, lakini utekelezaji umekwenda polepole.

Tena kuna suala la kuaminika. Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku kampuni zote zenye leseni ya Kongo, kwa sababu ya udhaifu wa ukaguzi wa serikali.

Kampuni inapoomba kibali, wengi Uvira husema hayo ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa. Mama huyu hasemi hivyo. Anajua kwamba sahihi mbili zingemfikisha kabla ya maziko.