Haiwaki: Kitenzi Kimoja, Maradhi Manne

Asubuhi moja ya Machi mwaka 2016, siku 12 kabla ya siku niliyopangiwa kuikabidhi tasnifu yangu ya uzamili, nilikibonyeza kitufe cha tarakilishi yangu ya mezani kama ilivyokuwa ada. Kisanduku kilinguruma, feni yake ikazunguka, lakini kiwambo kikabaki cheusi ti. Kisha nikasikia mlio: pii, pii, pii. Kimya. Halafu tena: pii, pii, pii.

Ndani ya tarakilishi hiyo mlikuwa na hadithi 14 nilizozirekodi kisiwani Wasini, Kaunti ya Kwale, kwa lahaja ya Kivumba. Msimulizi wangu mkuu, bibi aliyenikaribisha barazani pake kama mjukuu, alitangulia mbele ya haki miezi minne baada ya mimi kurejea Nairobi. Kinasa sauti nilichotumia kilikuwa cha kuazima. Nilipokirudisha, mwenzangu aliyekichukua baada yangu alifuta yaliyokuwemo ili arekodi yake. Sauti ya bibi yule, kwa hivyo, haikuwapo popote duniani ila ndani ya kisanduku kile kilichogoma kuamka. Nakala ya pili sikuwa nayo, na udhuru wa kutokuwa nayo sikuwa nao vilevile.

Wenzangu bwenini walikuja kunifariji, kila mmoja na utabibu wake. Huyu alisema ni virusi. Yule alisema diski imekufa, tumshukuru Mungu kwa yote. Wa tatu alishauri ninunue nyingine, kana kwamba fedha huokotwa njiani. Nami, kwa kuchanganyikiwa, nilikibonyeza kile kitufe mara nyingi zisizo na idadi, hata nikakipiga kisanduku kofi la ubavuni. Ghadhabu haikuleta nuru. Mwishowe nilikifunga kwa shuka, nikakipakata ndani ya matatu hadi kwa fundi mmoja katika vibanda vya Luthuli Avenue.

“Fundi, tarakilishi yangu haiwaki,” nilimwambia.

Hakuigusa. Alinitazama, akauliza: “Dada, haiwaki vipi? Haipati stima kabisa, hata taa hamna? Ama inapata stima lakini haionyeshi kitu? Ama inaonyesha maandishi halafu inakwama? Ama inakaribia kufunguka, kisha inajizima?”

Ndugu msomaji, nilitahayari. Mimi niliyekuwa nimejaza kurasa nzima kuhusu tofauti ndogo za maana baina ya vitenzi vya Kivumba, nilikuwa nimeyafunika maradhi manne kwa kitenzi kimoja. Kumbe kila swali la fundi lilikuwa mlango wa chumba chake. Mashine isipopata umeme kabisa, mtu huanza na soketi, waya na kile kifaa cha ndani kinachogawa umeme. Ikipata umeme bila kuonyesha kitu, hushukiwa kumbukumbu, kadi ya picha au kiwambo chenyewe. Ikionyesha maandishi kisha ikakwama, huchunguzwa diski na mipangilio ya kuanzia. Ikikaribia kufunguka halafu ikajizima, hutazamwa joto na programu endeshi. Aelezaye vyema hupunguza nusu ya safari.

Nilimweleza upya, safari hii kwa utaratibu, nikataja na ile milio mitatu. Akatabasamu. Alinifafanulia kwamba tarakilishi, kabla ya kuonyesha chochote, hujikagua viungo vyake. Ikigundua kasoro mapema mno, haina uso wa kuandikia, basi hulia. Idadi na urefu wa milio huwa na maana yake, ila maana hiyo hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Aliyekariri ya mmoja akaitumia kwa wote atapotea. Waama, hata milio ina lahaja zake! Akatafuta maelezo ya mtengenezaji wa ubao wa mashine yangu, akasema: “Yako inalia kumbukumbu.”

Alichomoa waya wa umeme ukutani, akakibonyeza kitufe ili umeme uliosalia ndani uishe, akagusa chuma cha kisanduku ili mwili wake usipitishe chaji kwenye vifaa. Akavitoa vibao viwili vya kumbukumbu, vile ambavyo mafundi huviita ramu, na kuzisugua taratibu kingo zake za rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Akarudisha kimoja tu. Nilipomhimiza arudishe vyote tumalize, alikataa. “Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo, ikiwaka hutajua kilichoiponya ni kipi.”

Aliwasha. Pii moja fupi, na kiwambo kikang'aa. Nusura nipige kigelegele. Lakini mara yakatokea maandishi meupe: mfumo wa kuanzishia haukupatikana. Moyo ulinidondoka. Niliona diski imekufa kweli, na bibi yangu amezikwa mara ya pili.

Fundi hakutaharuki. Aliingia katika ukurasa wa mipangilio, akanionyesha tarehe: 1 Januari 2007. “Hii saa imeanza kupotea lini?” Nikakumbuka. Kwa miezi miwili mashine ile ilinitolea tarehe ya uongo kila asubuhi, nami nikiipuuza. Betri ndogo ya mviringo, ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio umeme unapokatika, ilikuwa imekwisha. Mipangilio ikarudi ya kiwandani, na mashine ikaanza kutafuta mfumo wake mahali pengine kabla ya kuifikia diski. Mahali gani? Fundi aliinama nyuma ya kisanduku, akachomoa flashi yangu, niliyoichomeka kwa ajili ya kusikiliza taarab nikichapa tasnifu.

Alipoiwasha tena bila ya flashi, ilifunguka. Hadithi zote 14 zilikuwa salama.

Naam, flashi ile ile iliyoziba njia ilikuwa na nafasi tele ya kuhifadhi sauti ya bibi. Kwa muda wote huo nakala ingalikuwa mkononi mwangu. Siku hiyo, kabla ya kuondoka kibandani, nilinakili hadithi zote, na jioni nikampelekea msimamizi wangu nakala nyingine.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Tarakilishi yangu haikuficha maradhi; ilisema kwa tarehe, ikasema kwa mlio. Aliyekosa sikio ni mimi. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati wa teknolojia, na tumetumia muda mwingi kubishana kuhusu tarakilishi na kompyuta. Lakini fundi yule hakuhitaji istilahi mpya. Kupata stima, kuonyesha, kukwama, kufunguka, kujizima: vitenzi vya kila siku, kila kimoja kikiwa mahali pake. Hicho ndicho kipimo ninachowaachia wanachama wenzangu. Kabla ya kuunda neno jipya, tujiulize kama tumeyatumia kwa uangalifu yale tuliyo nayo. Na kabla ya kulala leo, nakilini kazi zenu.