Binti Yetu na Mtihani wa GMAT: Niliyojifunza Mimi Mwalimu wa Madrasa



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi vijana wetu mlioko vyuoni na makazini, leo sitoi darsa. Nataka kukusimulieni jambo lililotokea nyumbani kwangu hapa Nyamirambo, Kigali. Naamini baadhi yenu mnalo majumbani mwenu vilevile, ila halijasemwa.

Mimi ni mtu wa makamo, miaka arobaini na kitu, na kazi yangu ni kusomesha watoto Qur'ani, fiqhi na mirathi. Kaka yangu mkubwa alifariki akaacha binti mdogo, nami nikamlea pamoja na wanangu. Alianza shule kwa Kifaransa. Serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba masomo yawe kwa Kiingereza, akageuka na wenzake, akamaliza chuo kikuu kwa Kiingereza. Akapata kazi ya uhasibu. Mimi nikamshukuru Allah, nikaona kazi ya ulezi imekwisha.

Siku moja, baada ya chakula cha usiku, akaniambia: "Baba mdogo, nataka kusoma shahada ya uzamili ya biashara, MBA. Vyuo vingi ninavyovitaka vinahitaji mtihani unaoitwa GMAT."

Nilimjibu haraka, na haraka haina baraka. Nilimwambia, "Mwanangu, biashara ya hao wakubwa ni riba tupu. Umeshasoma vya kutosha." Hakubisha. Alisema "Sawa, baba mdogo," akakusanya sahani, akaondoka. Sikulifikiria tena jambo lile.

Kumbe yeye hakuacha kulifikiria. Alijibana katika mshahara wake miezi kadhaa, akalipia mtihani, zaidi ya dola mia mbili za Marekani, na mwezi wa Desemba 2024 akaufanya kwa kompyuta, nyumbani, bila kumwambia mtu isipokuwa shangazi yake. Mtihani huu waweza kufanywa katika kituo au nyumbani kwako, na ukiufanya nyumbani yapo masharti: uwe peke yako chumbani, meza iwe tupu, mtu asiingie, na msimamizi anakutazama kwa kamera mwanzo hadi mwisho.

Akachagua Jumamosi asubuhi kwa kuwa siku nyingine yuko kazini. Sasa, wanaonijua wanajua kwamba madrasa yangu na nyumba yangu vinachangia ukuta mmoja. Na Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya watoto wa Juzuu Amma. Watoto arobaini, kila mmoja anasoma kwa sauti yake yote, nami nimesimama kati yao na kifimbo nikiwahimiza: "Pandisheni sauti!" Upande wa pili wa ukuta, mtoto wa kaka yangu anajaribu kusoma kifungu cha Kiingereza huku saa inahesabu.

Alipata alama 485. Alama za mtihani huo huanzia 205 hadi 805. Vyuo alivyovitaka vilitazamia zaidi ya hapo.

Nilijua siku nne baadaye, nilipomkuta jikoni analia. Shangazi yake ndiye aliyenieleza yote. Wallahi niliona haya. Sikuona haya kwa kelele za watoto, kwani wale walikuwa wakisoma maneno ya Allah na mimi sikujua kinachoendelea. Niliona haya kwa sababu mtoto niliyemlea alijificha kwangu ili atafute elimu, kama mtu anayejificha kufanya maasi. Nilijiuliza: ningemkosea nini kaka yangu zaidi ya hili?

Nikamwendea. Nikamwomba radhi. Kisha nikamwambia, "Kilete hicho kitabu nikione."

Alicheka kidogo akakileta. Nilidhani nitakuta mambo ya mabenki. Sikukuta benki. Nilikuta hesabu za shule ya sekondari, vifungu vya kusoma, na mabishano mafupi ya watu wasioonekana. Ikawa kila usiku baada ya Isha tunakaa, yeye akinitafsiria Kiingereza, mimi nikitafuta ni wapi nimewahi kuyaona mambo haya. Na nilikuwa nimeyaona.

Kwanza, maswali ya hoja. Wanakupa habari fupi na hitimisho, kisha wanauliza: ni dhana gani imefichika hapa? Au ni jambo gani likijulikana litaidhoofisha hoja? Nikamtungia mfano wetu: "Mwenye duka alishusha bei ya tende mwanzo wa Ramadhani. Mauzo yakaongezeka mara tatu. Kwa hiyo, kushusha bei ndiko kulikoongeza mauzo." Nikamwuliza, kasoro iko wapi? Akasema papo hapo, "Ramadhani yenyewe! Watu wangenunua tende hata bei ingebaki palepale." Nikamwambia, hiyo ndiyo kazi ya illa katika kiyasi. Wanafunzi wa usuli hujifunza kwamba kiyasi kina nguzo nne: asili, tawi, hukumu na illa, yaani sababu inayoifunga hukumu. Tunasema dawa za kulevya zina hukumu ya pombe kwa kuwa illa ni moja, nayo ni kulevya, si rangi wala harufu. Anayekosea illa anakosea kiyasi chote. Basi kila swali la hoja alianza kuliuliza: illa iliyodaiwa ni ipi, na je, ndiyo yenyewe?

Pili, aina ya swali iliyomsumbua kuliko zote. Hawakuulizi jibu ni ngapi. Wanakupa swali na taarifa mbili, kisha wanauliza: je, taarifa hizi zinatosha kupata jibu? Ya kwanza pekee? Ya pili pekee? Zote kwa pamoja? Kila moja peke yake? Au hata zote mbili hazitoshi? Alikuwa akikaa kukokotoa hadi mwisho, muda unamwishia. Nikamwambia tuje kwenye mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke mmoja. Mke atapata fungu gani? Taarifa ya kwanza: marehemu ameacha mtoto wa kiume. Taarifa ya pili: marehemu ameacha baba.

Akafikiri. Ya kwanza inatosha, maana marehemu akiwa na mtoto fungu la mke ni thumni, moja ya nane. Ya pili haitoshi, kwa sababu kuwepo kwa baba hakutuambii kama kuna watoto. Mke aweza kupata robo au thumni. Jibu: ya kwanza pekee. "Na je," nikamwuliza, "umejua marehemu aliacha faranga ngapi?" Akasema hapana. "Ulihitaji kujua?" Hapana. Akanitazama kama mtu aliyewashiwa taa. Tangu siku ile aliacha kukokotoa kisichoulizwa.

Wala si ajabu mirathi na hesabu kukutana. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kile kitabu kilichoipa aljebra jina lake, aliweka humo sehemu kubwa nzima ya kugawa mirathi na wasia. Sisi wenyewe ndio tuliotenganisha vyumba hivi viwili na kujenga ukuta katikati.

Kwa vijana wanaotaka kuujaribu, nieleze kwa ufupi ulivyo, kwani umebadilika. Umbo jipya lilianza mwishoni mwa 2023, na tangu 2024 ndilo lililobaki pekee. Una sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, kusoma na hoja maswali 23, na uchambuzi wa takwimu maswali 20. Jumla ni saa mbili na robo, na ukipenda unapumzika dakika 10. Sehemu unaweza kuzipanga kwa utaratibu unaoutaka. Kikokotoo kinaruhusiwa katika uchambuzi wa takwimu tu. Kwenye hesabu ni kichwa na maandishi yako. Insha imeondolewa, maswali ya kusahihisha sentensi yameondolewa, na jiometria imeondolewa. Kwa hiyo msinunue vitabu vya zamani vinavyouzwa kwa bei ya bure. Binti yetu alipoteza wiki tatu kwenye pembetatu ambazo hazikuulizwa. Wenye mtihani wenyewe wanatoa majaribio mawili kamili bila malipo katika tovuti yao. Anza na hayo.

Ama matayarisho, yeye alifanya mambo manne, na yote nayasema pia kwa watoto wangu wa hifdhi.

La kwanza, muda mfupi kila siku kuliko mwingi siku moja. Alisoma saa moja baada ya Alfajiri kabla ya kwenda kazini. Ramadhani ya mwaka 2025 ilipoingia, mwezi wa Machi, tulihamishia baada ya daku, akili ikiwa safi. Kumi la mwisho tuliweka vitabu chini kabisa, na yeye ndiye aliyependekeza.

La pili, daftari la makosa. Kila swali alilokosa aliliandika, na pembeni akaandika sababu: sikujua, niliharakisha, au sikuelewa Kiingereza. Baada ya mwezi tukaona kwamba makosa mengi yalikuwa ya haraka, si ya ujinga. Hapo nilikumbuka haraka yangu mwenyewe siku ile ya sahani.

La tatu, saa. Kila swali lina dakika kama mbili. Ukikwama, chagua jibu uende mbele, maana kuacha maswali bila kuyajibu kunashusha alama. Sehemu ikiisha na muda umebaki, unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu.

La nne, tawakkul mahali pake. Kisa cha bedui na ngamia wake mnakijua. Kwanza kamba, kisha dua. Tuliswali istikhara, na tulisoma.

Mwishoni mwa Aprili 2025 akaurudia, Jumamosi asubuhi, chumba kilekile. Safari hii watoto wa Juzuu Amma niliwapeleka msikitini na mwalimu mwenzangu. Mimi nilibaki nimeketi kwenye mkeka nje ya mlango wake, kwa saa mbili na robo na mapumziko yake, kuzuia hata kuku asipite. Jirani alipopita akauliza, "Ustadhi, kuna mgonjwa?" Nikamwashiria kwa kidole mdomoni anyamaze.

Alipata 595. Si alama ya kutangazwa mtaani, lakini ni alama 110 zaidi, na alizitafuta kwa jasho lake.

Nisikuficheni mwisho. Chuo kimoja kilimkubali, lakini bila ufadhili, na njia waliyomwonyesha ilikuwa mkopo wa riba. Mimi nilinyamaza, nilikuwa nimeshajifunza kutojibu haraka. Alikaa siku tatu, kisha akasema, "Baba mdogo, sitakwenda kwa njia hii. Alama zangu zinadumu miaka mitano. Nitaomba ufadhili tena mwakani, na nitaweka akiba." Neno lile la riba nililomtupia usoni kumfungia mlango, yeye alilibeba mwenyewe kwa hiari yake, na mlango hakuufunga. Sasa anaendelea kuomba vyuo vingine. Mwombeeni dua.

Wazazi wenzangu, Bibi Khadija (radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa mfanyabiashara, na mali yake iliitumikia dini. Tukiwaachia wengine elimu ya biashara, tutabaki kulalamika juu ya riba bila kuwa na mtu wa kutujengea njia ya halali. Masuala ya mikopo na safari ya mtoto wa kike waulizeni wanazuoni wenu, hayo ni haki yenu kuyauliza. Ila kwanza kaeni na mtoto. Mwambieni akilete kitabu mkione.

Nami siku hizi, kila Jumapili baada ya Alasiri, nina darasa dogo la vijana sita: mirathi nusu saa, hoja nusu saa. Binti yetu ndiye mwalimu wa nusu ya pili.