Uji wa mashudu

Mashine ya kukamulia alizeti ya mumewe iko nyuma tu ya nyumba yao, Singida mjini, na msimu ukichanganya hailali. Mafuta hutokea upande huu, mashudu upande ule, yakiwa ya moto na yenye harufu ya mbegu zilizokaangwa. Mashudu hujazwa kwenye viroba, wafugaji wanakuja na pikipiki, wanalipa, wanaondoka.

Mama huyo alikuwa akiviangalia viroba vile kila siku. Kila mwezi aliangalia pia kadi ya kliniki ya mwanawe wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mstari wa uzito ulikuwa umelala: kilo 8.1, kilo 8.2, kilo 8.2 tena.

Ndipo ujumbe ukaingia kwenye kundi la kina mama la WhatsApp: mashudu yana protini kuliko nyama, wenzetu wanakula, sisi tunawapa ng'ombe. Hakumwuliza mtu. Alichota bakuli moja, akatwanga, akachekecha, akachanganya na unga wa lishe. Mtoto alikunja uso lakini akanywa. Siku ya nne tumbo likawa gumu, usiku mzima ni kilio.

Mama mkwe ndiye aliyelikuta bakuli jikoni.

“Mwanangu, hiki si chakula cha ng'ombe?”

“Mama, ng'ombe wananenepa. Mjukuu wako hanenepi.”

Mkwe hakuwa na jibu. Na kwa kweli lile la protini halikuwa uongo. Mbegu ikikamuliwa, kinachotoka ni mafuta. Protini karibu yote inabaki kwenye mashudu. Nyama mbichi ya ng'ombe ina kama gramu 20 za protini katika kila gramu 100, na mashudu ya alizeti yanaweza kufikia au kupita kiasi hicho hata kama mbegu hazikukobolewa. Kwa namba tupu, ng'ombe wa Singida wanakula vizuri.

Kesho yake wakaenda kliniki wote wawili, mkwe amembeba mtoto. Muuguzi hakucheka wala hakufoka. Aliuliza maswali. Mbegu zinakobolewa kabla ya kukamuliwa? Hapana, zinaingia na maganda yake. Basi hayo ndiyo yaliyomfunga mtoto: ng'ombe ana tumbo la kusaga maganda, mtoto hana. Viroba vinakaa wapi? Sakafuni, karibu na dirisha. Mvua ikinyesha? Mama akanyamaza.

Watu wa kanda ya kati wanalijua neno sumukuvu tangu mwaka 2016, mahindi yenye sumu hiyo yalipougua watu Dodoma na Manyara na wengine wakafariki. Inatokana na ukungu wa mazao yaliyopata unyevu. Haitolewi kwa kuchemsha wala kwa kuchekecha, na alizeti ikikamuliwa sehemu kubwa yake hubaki kwenye mashudu. Watafiti wamewahi kuikuta kwenye mashudu ya alizeti ya wakamuaji wadogo hapa Tanzania. Inaharibu ini, na kwa watoto inahusishwa na udumavu, yaani jambo lile lile ambalo mama huyu alikuwa akilikimbia.

Ule ujumbe uliruka hatua za katikati. Wapo kweli wanaokula mabaki ya mbegu za mafuta. Nigeria, karanga zikishakamuliwa mafuta, kinachobaki hufinyangwa na kukaangwa kuwa kulikuli, kitafunwa cha kila siku. Guatemala, katika miaka ya 1950, taasisi ya lishe ya Amerika ya Kati ilitengeneza Incaparina, unga wa uji wa nafaka uliochanganywa na unga wa mashudu ya pamba, kwa ajili ya watoto ambao familia zao hazikumudu maziwa na nyama. Pamba ina sumu yake ya asili, gosipoli, hivyo ilibidi mashudu yasindikwe kwa namna ya kuipunguza na kupimwa kabla ya kufika kwenye kikombe cha mtoto. Incaparina inauzwa mpaka leo, siku hizi kwa soya.

Hata dukani Singida yapo. Vile vipande vikavu vinavyoitwa nyama ya soya vinatokana na unga wa soya uliokwisha kutolewa mafuta, na karibu nusu ya uzito wake ni protini, tena protini ya soya inakaribia ya nyama kwa ubora. Ila havina vitamini B12 kama nyama isipokuwa vimeongezewa, na vile vyenye viungo vina chumvi nyingi mno kwa mtoto.

Muuguzi aliuliza swali moja zaidi: mtoto anakula mara ngapi kwa siku? Mara mbili, asubuhi na jioni, maana mchana mama yuko dukani. Na uji wenyewe? Mwepesi, ili apitishe haraka.

Kumbe hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mtoto wa umri huo anahitaji kama gramu 13 tu za protini kwa siku, lakini chakula kikiwa kidogo, mwili unaichoma protini kama kuni badala ya kujengea. Waliondoka na maelekezo: kunyonyesha kuendelee, milo iwe mitatu au minne na vitafunwa katikati, uji uwe mzito, maharage yapondwe, dagaa wasagwe, yai likipatikana. Nyama ya soya isiyo na viungo iloweke, ikamuliwe, ipikwe, isagwe. Na kila bakuli lipate kijiko kidogo cha mafuta. Mama alicheka aliposikia hilo la mafuta. Alikuwa akihangaika na upande mmoja wa mashine, na upande wa pili una madumu yamejaa.

Mlo wa mchana akauchukua mama mkwe. Mume alipiga chanja la mbao, viroba vikainuliwa kutoka sakafuni, kwa sababu hata ng'ombe akila sumukuvu sehemu yake hupita kwenye maziwa.

Mwezi uliofuata mizani ilisoma kilo 8.5. Siku hiyo mkwe alikuwa kibarazani anachambua karanga za uji, zilizosinyaa na zenye ukungu anaziweka kando.

“Hizo nimpe kuku, mama?”

“Hata kuku usimpe. Zifukie.”