Kabla Hujamwita Mwenye Skrepa

Nyumbani kwetu Wazo kuna sanduku la bati lenye spana, ovaroli, kofia na picha za marehemu baba. Mzee alikuwa fundi wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946 na kufa mwanzoni mwa 1977, miezi michache kabla ya Jumuiya yenyewe kuvunjika.

Mwezi uliopita kaka alitaka stoo isafishwe ipangishwe, kodi isaidie ada za watoto. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Spana za mzee ni za inchi, hazikai kwenye nati za magari yetu ya Kijapani. "Hizi ni za kupimwa kwa kilo tu," alisema. Mama alinyamaza.

Mimi nilishika picha moja. Mzee na wenzake watano wamesimama chini ya ndege, na ubavuni inasomeka 5H-MOG. Herufi 5H ni alama ya usajili wa Tanzania hata leo. Nikaanza kuitafuta ndege hiyo mtandaoni.

Shirika lilikuwa na Super VC10 tano, ndege zenye injini nne zilizobanwa mkiani. Moja iliangukia Addis Ababa Aprili 1972. 5H-MOG, ya mwaka 1970, ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa duniani, kati ya 54. Shirika lilipokufa, nne zilizobaki zilirudi Uingereza, na Jeshi la Anga la huko likazigeuza kuwa ndege za kujazia wenzake mafuta angani. Ya kwetu ikaitwa ZA150, ikaruka hadi Septemba 2013. Safari yake ya mwisho iliishia Dunsfold, ikakabidhiwa kwa Makumbusho ya Brooklands.

Hapo watu wa kujitolea waliichukua kama mgonjwa wao. Waliwasha injini mara kwa mara na kuitembeza kwenye barabara ya ndege, maana mashine ikilala muda mrefu, mipira ya kuzuia mafuta hukauka, unyevu hupenya na alumini huanza kuliwa.

Nilimwambia kaka: wageni wanapoteza Jumamosi zao kwa ndege iliyobeba alama ya nchi yetu, sisi tunashindwa na sanduku moja? Akajibu, "Wao hawadaiwi ada." Na ni kweli. Kwa hiyo tulikaa na mama, tukagawa. Chumba kimepangishwa. Vyuma visivyo na historia vimeuzwa. Sanduku, likiwa jepesi, limehamia sebuleni.

Ndipo mama alipofungua kinywa. Alichukua ile picha akataja majina ya mafundi wote sita, nani alitoka Kampala, nani alirudi Kisumu Jumuiya ilipovunjika, nani alikuwa akija kula kwetu kila Idi. Katika ukoo wetu hakuna mwingine anayeyajua majina hayo. Mama ana miaka themanini na mbili.

Ndugu msomaji, chuma kinaweza kusubiri, mtu hasubiri. Ikiwa kwenu kuna vitu vya wazee, anza na maneno. Keti na bibi au babu, mwonyeshe picha moja moja, andika majina nyuma kwa penseli, taratibu, usikandamize. Picha usizifunge kwenye mfuko wa nailoni, joto na unyevu wa Dar vitazigandanisha. Bahasha ya karatasi mahali pakavu inatosha. Vifaa vya chuma futa vumbi, pakaa mafuta ya mashine kidogo, rudia kila baada ya miezi michache.

Halafu ukitaka kuuza, uza. Lakini uwe umeshajua unauza nini.