Mtende wa Madina na Mchikichi wa Mwandiga

Utamaduni wa taifa unapotajwa mikutanoni na madarasani, kwa kawaida hutangulia ngoma, zikafuata methali na ngano, kisha mavazi na mapishi. Hatuna ugomvi na mpango huo. Lakini uko utamaduni mwingine usiochezwa uwanjani wala kuonyeshwa kwa wageni, nao ni ule wa watu kukaa kitako mbele ya kitabu kimoja, jioni baada ya jioni, wakiuliza neno fulani lilisemwa na nani, lilimfikiaje aliyelipokea, na lilikusudiwa nini. Utamaduni huo tuliukuta Mwandiga tungali watoto, nasi twaomba ruhusa ya msomaji kuueleza kama tulivyouona.

Mwandiga si mbali na mji wa Kigoma. Barabara iendayo Manyovu, mpakani mwa Burundi, huanzia hapo, na mawese ni sehemu ya chakula na ya riziki ya watu wake. Uislamu wa sehemu hizi uliletwa na misafara. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikwisha kufanya makazi Ujiji kabla Burton na Speke hawajafika huko mwaka 1858. Na wengi waliovuka ziwa kutoka Manyema walijifunza Kiswahili na dini kwa pamoja, mahali pamoja. Kwa sababu hiyo, mzee wa Kimanyema au wa Kiha afasiripo hadithi ya Mtume Muhammad (S.A.W.) hufasiri kwa Kiswahili, na neno likikataa kueleweka ndipo huongeza Kiha.

Maalim wetu alikuwa na shamba la michikichi, na darasa lake lilikuwa barazani, baina ya magharibi na isha. Twazungumzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Palikuwa na mkeka, taa ya chemli, na kitabu ambacho kurasa zake zilikwisha kugeuka rangi. Maalim alisoma kwa Kiarabu, akasita, akasema "maana yake," kisha akaeleza. Mwanzo sisi tulichoshwa sana, kwa kuwa kabla ya neno lenyewe kufikiwa yalitangulia majina: fulani ametupa habari kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani. Tulidhani majina hayo ni kama mlango ambao mtu huupita tu ili aingie ndani.

Siku moja alituuliza: "Wanangu, Mtume alifariki mwaka gani?" Tukajibu, mwaka 632 wa Miladi. "Na Imamu Bukhari?" Kimya. Akatwambia kuwa Bukhari alifariki mwaka 870, na Muslim, mwenziwe katika kazi hiyo, mwaka 875. Basi baina ya Mtume na kalamu zao ni zaidi ya miaka 200. Ni nani aliyelibeba neno katika muda huo wote? Hapo ndipo tulipofahamu kazi ya majina yale. Kila jina ni mtu aliyechunguzwa na wanavyuoni: kama alikuwa mkweli, kama kumbukumbu yake ilikuwa thabiti, na kama kweli alikutana na yule adaiye kuwa alimsikia. Mpokezi mmoja akidhihirika kuwa mwongo, silsila nzima hutiwa ila, hata ikiwa maneno yenyewe yanapendeza kama asali.

Lakini sanadi ikiisha kusimama, kazi haijesha. Bado yapo maneno yenyewe, nayo yaweza kusomwa vibaya na mtu mwema. Kwa hiyo kukawa na sharhi, yaani vitabu vya kufafanua vitabu: Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliifafanua Sahihi ya Muslim, na Ibn Hajar wa Misri, aliyefariki mwaka 1449, aliifafanua Sahihi ya Bukhari kwa kitabu kikubwa kiitwacho Fat-hul Bari. Maalim hakuwa na juzuu zote za vitabu hivyo. Alikuwa na baadhi, na nyingine alizisikia kwa masheikh wake, akazihifadhi kichwani.

Tutoe mfano mmoja, ambao hatujausahau. Muslim ameandika kuwa Mtume aliwapitia watu wa Madina wakiipandishia mitende yao, akaona kwamba huenda kazi hiyo haina faida. Wakaiacha. Mavuno yakapungua. Alipopata habari akawaeleza kuwa ile ilikuwa dhana yake tu. Maalim alipofika hapo, mwenzetu mmoja aliyekuwa akimsaidia baba yake shambani akainua mkono. "Maalim, shikamoo. Mbona michikichi yetu huzaa bila kupandishiwa kitu? Watu wale walikuwa wakifanya nini hasa?"

Maalim akanyamaza, akakifunika kitabu juu ya kidole chake. "Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi mtende siujui. Najua mchikichi."

Juma lililofuata alimleta mzee mmoja wa Ujiji aliyepata kuishi Uarabuni. Yule mzee hakuwa mwanachuoni. Alikuwa mtu wa duka. Akatueleza kwamba mitende ni ya namna mbili, uko wa kiume na uko wa kike, na kwamba mkulima hukata ua la mtende wa kiume akalitia ndani ya maua ya mtende wa kike, kwani akiuachia upepo peke yake atavuna haba. Baadaye sana, shuleni, tulisoma kuwa mchikichi mmoja hutoa maua ya kiume na ya kike, na kwamba wadudu ndio wachukuao unga wa maua kutoka mti hata mti. Swali la yule kijana lilikuwa swali la haki kabisa. Mtu aliyezaliwa chini ya mchikichi hawezi kuielewa hadithi ile mpaka aujue mtende, na hilo halimo katika sanadi.

Maalim alilipokea somo kutoka kwa mwenye duka, tena mbele yetu sisi wanafunzi wake, kisha ndipo akaifungua hadithi. Alitwambia kuwa imepokelewa kwa njia tatu, na akatutaka tuzilinganishe. Katika upokezi wa Talha, Mtume asema kuwa alidhani tu, na kwamba wasimshike kwa dhana, bali wamshike kwa yale ayatoayo kwa Mwenyezi Mungu. Katika upokezi wa Rafii bin Khadij asema kuwa yeye ni binadamu. Akiwaamrisha jambo la dini yao walichukue, na akiwapa rai yake, basi yeye ni binadamu. Na katika upokezi wa Aisha na Anas asema kuwa wao wayajua zaidi mambo ya dunia yao. Watu wengi huitaja ile ya tatu peke yake kwa kuwa ni fupi, kisha huivuta watakako: mmoja aifanye kibali cha kuiacha dini sokoni, mwingine aikatae kwa kuiogopa. Ukizisoma zote tatu kwa pamoja mpaka unaonekana. Nawawi aliiweka hadithi hiyo chini ya mlango unaotenga yale aliyoyasema Mtume kwa njia ya sheria na yale aliyoyataja kwa njia ya rai katika maisha ya dunia.

Miaka ikapita, Maalim akafariki, nasi tukawa watu wazima wenye wajukuu. Mwezi wa Mei mwaka 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni karibu na mpaka, mahali pasipo maji safi wala vyoo vya kutosha umati ule. Kipindupindu kikazuka. Maelfu wakaugua, na wako waliokufa. Meli kongwe ya Liemba ilikuwa ikiwachukua wakimbizi kuwaleta Kigoma, ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu. Na khofu ilifika nchi kavu pamoja nao.

Siku hizo tulikuwa msibani. Maji ya kunywa yalikuwa katika pipa, na kata ilikuwa moja kwa watu wote. Akina mama wakauliza kama yachemshwe. Mzee mmoja, aliyetuzidi umri na elimu, akajibu kuwa Mtume amekwisha kusema hapana ambukizo, na kwamba Mwarabu wa jangwani alipomtajia ngamia mwenye upele aingiaye katika kundi likaugua lote, Mtume alimuuliza yule ngamia wa kwanza aliambukizwa na nani. Watu wakaitikia. Sisi tulinyamaza. Twakiri kwamba tulinyamaza kwa heshima, na pengine kwa woga, na kata ikazunguka mara mbili kabla hatujasema neno.

Tulipojikaza tukasema: "Sheikh, shikamoo. Upokezi huo wa Abu Huraira unao mwenziwe. Huyo huyo Abu Huraira amepokea kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa wenye ngamia wazima. Na Bukhari ana ile ya kumkimbia mwenye ukoma kama akimbiwavyo simba. Tena Nawawi asema kilichokanushwa ni ile itikadi ya kale kwamba maradhi huhama kwa nguvu yake yenyewe pasipo kudra ya Mungu."

Mzee akatabasamu. "Nawawi kasema hivyo. Na Ibn Hajar je?"

Lilikuwa pigo la mtu ajuaye. Kwani Ibn Hajar katika sharhi yake alielekea kulikanusha ambukizo lenyewe kabisa, na amri ya kumkimbia mwenye ukoma akaifasiri kuwa ni kinga ya imani: mtu asije akaugua kwa kudra, akadhani kuwa ni mwenzake aliyemwambukiza. Na mtu huyo hakuandika kwa wepesi, maana tauni ilikuwa imewaua binti zake, na akatunga kitabu kizima juu ya tauni. Karibu miaka 100 kabla yake, baada ya tauni kuu ya mwaka 1348, Ibn al-Khatib wa Granada alikuwa amesema kinyume: kwamba ambukizo limethibiti kwa uzoefu na kwa macho ya watu, na dalili ya maandishi ikipingana na yaonekanayo, haina budi kufasiriwa. Sharhi si jeshi moja liendalo upande mmoja.

Tukamwambia mzee kuwa hatuna juzuu ya kumshinda, ila tunayo hadithi ya mitende. Jinsi maradhi ya tumbo yasafirivyo katika maji ni jambo la namna gani: la sheria, au la wenye mitende? Waganga wa Kigoma ndio wenye mitende hapa. Ibn Hajar hakupata kuyaona maji hayo kwa darubini yao.

Akafikiri kitambo. Hakutupa ushindi, wala hatukuutarajia. Akasema kuwa kwake yeye kauli ya Ibn Hajar ingali ndiyo yenye nguvu. Lakini hata Ibn Hajar ameacha amri ya kujitenga mahali pake, na sababu ya amri ikibishaniwa amri haiondoki. Kisha akawageukia akina mama.

"Yachemsheni," akasema. "Na hiyo kata iondoeni, kila mtu apewe kikombe chake."

Vijana wakaenda kutafuta kuni. Pipa likamwagwa nyuma ya nyumba, penye mchikichi, na mzee akatuita tukae karibu naye, akataka tumtajie tena upokezi wa Rafii, kwani neno moja ndani yake, alisema, yeye alilisoma vingine.