Programu Yangu Ilishindwa na Vijiti



Mpwa wangu yuko gredi ya pili. Mwezi jana nilimwambia aandike thelathini na saba. Akaandika 307. Nilipomwambia si hivyo, aliweka penseli chini: “Anko, mimi sijui hesabu.” Mtoto wa miaka saba, na tayari ameshajihukumu!

Ukiangalia vizuri, hakukosea ovyo. Alisikia thelathini, akaandika 30. Akasikia saba, akaandika 7. Tena neno thelathini, lenye asili ya Kiarabu, halionyeshi kwamba ndani yake mna makumi matatu. Kikuyu husema mĩrongo ĩtatũ, makumi matatu, kila kitu wazi.

Mimi kazi yangu ni programu, basi nilikesha wikendi nzima nikimwandikia mchezo wa kompyuta. Ukibonyeza, kijiti kinaongezeka. Vikifika kumi, vinageuka fungu vyenyewe. Aliupenda sana. Baada ya siku nne nikamjaribu. 307 tena!

Nilimwonyesha mwalimu wake mchezo huo, akacheka. “Kazi ya kufunga umeipa kompyuta. Mtoto amejifunza kubonyeza tu.”

Akanifundisha mchezo wa darasani. Chora safu mbili kwa chaki sakafuni: makumi na mamoja. Tafuta dadu, vijiti na raba za kufungia pesa. Kila mmoja kwa zamu anarusha dadu na kuweka vijiti kwenye mamoja. Sheria ni moja: mamoja hayabaki na zaidi ya tisa. Vikifika kumi, vifunge mwenyewe, uhamishe fungu. Wa kwanza kupata mafungu matano ameshinda.

Nilijionea haya kidogo. Kompyuta nayo hufuata sheria hiyo hiyo, ila kwake nafasi haizidi moja, ndiyo maana mbili huandikwa 10. Nilisomea haya chuoni!

Jioni ya tatu alikuwa na mafungu matatu na vijiti saba. Akaandika 37 bila kuuliza. Kisha akaitazama ile 307 ya zamani, akaanza kuhesabu mafungu kwa vidole.

“Anko, hii vijiti vyetu havitoshi.”

Programu nimeirekebisha: sasa haifungi chochote mpaka mtoto afunge. Lakini tukimaliza chakula, yeye huniuliza chaki iko wapi.

Je, wewe ulifunzwa makumi na mamoja kwa njia gani?